Kidakuzi na Hodi: Historia ya Kisanduku Kinachotuomba Ridhaa

Waliotafsiri istilahi za kompyuta kwa Kiswahili walilipa jina la kidakuzi lile faili dogo ambalo tovuti huliacha ndani ya simu au kompyuta ya msomaji. Wenye Kiingereza huliita kwa jina la biskuti, jina walilolirithi kutoka katika lugha ya mafundi wa mfumo wa Unix. Jina letu halina utamu huo. Lina mzizi mmoja na udaku na mdakuzi, yule anayechungulia mambo ya watu na kuyapeleka yasikohusika. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya istilahi chache za kompyuta ambazo tafsiri yake inasema kweli kuliko asili yake, na hata ile ngeli ya udogo inafaa, kwa sababu udogo wa kitu hiki ndio uliofanya kisitazamwe kwa miaka mingi.

Kila mtu anayetumia intaneti amekwisha kukutana na kisanduku kinachofunika ukurasa na kumtaka abonyeze "Kubali" kabla hajasoma neno. Wengi hubonyeza bila kutazama. Nataka kueleza kisanduku hicho kilitoka wapi, na kwa nini watu watatu, mmoja akiwa Paris, wa pili Los Angeles na wa tatu Kampala, wakifungua tovuti moja kwa dakika moja, wanaweza kuulizwa mambo tofauti, au mmoja wao asiulizwe kabisa.

Mwaka 1994 Lou Montulli, kijana wa miaka 23, alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni changa ya Netscape huko California. Tovuti za wakati huo zilikuwa na kasoro moja iliyowasumbua wafanyabiashara: hazikuwa na kumbukumbu. Seva ilimpa msomaji ukurasa alioomba, kisha ikamsahau papo hapo. Mtu akichagua kitabu katika ukurasa wa kwanza na kalamu katika ukurasa wa pili, duka halikuwa na njia ya kujua kwamba mnunuzi ni yule yule. Kampuni ya simu ya MCI, iliyokuwa ikijiandaa kuuza bidhaa mtandaoni, haikutaka seva zake zibebe mzigo wa kukumbuka vikapu vya watu ambao huenda wasilipe kamwe. Montulli akaona kwamba kumbukumbu ikae kwa mteja mwenyewe. Seva impe kijikaratasi chenye namba, naye kila anaporudi akionyeshe. Kivinjari cha Netscape kilichotolewa Oktoba 1994 kilikuwa na uwezo huo ndani yake, na watumiaji hawakuambiwa.

Ni haki kumtetea kidogo. Montulli aliikataa njia iliyokuwa rahisi zaidi, yaani kumpa kila mtumiaji namba moja ya kudumu ambayo kila tovuti duniani ingeiona. Kijikaratasi chake kilirudi kwa duka lililokitoa tu. Duka la vitabu halikuweza kusoma karatasi ya duka la dawa. Kama mambo yangeishia hapo, sidhani kama leo tungekuwa na neno la kusema.

Hayakuishia hapo, na sababu ni namna ukurasa wa tovuti unavyojengwa. Ukurasa mmoja huweza kukusanywa kutoka kwa seva kadhaa: maneno yanatoka kwa mwenye gazeti, lakini picha ya tangazo iliyo pembeni inatoka kwa kampuni ya matangazo. Picha ikija, huja na kidakuzi cha kampuni hiyo. Msomaji akitoka kwenye gazeti na kuingia tovuti ya ushauri wa afya, akakuta kampuni ile ile imeweka tangazo hapo pia, kidakuzi chake kinaonyeshwa tena. Akienda kutafuta kazi mahali pa tatu, ni hivyo hivyo. Hakuna hata tovuti moja kati ya hizo tatu iliyomfuata. Aliyemfuata ni mtu wa nne ambaye msomaji hajapata kumtembelea, wala jina lake halijui. DoubleClick, kampuni iliyoanza mwaka 1996, ilijenga biashara yake juu ya mwanya huo, na Google ilipokubali kuinunua mwaka 2007, bei ilikuwa dola bilioni 3.1. Mtu anayedhani vidakuzi ni jambo dogo la kiufundi na aitazame namba hiyo mara ya pili.

Umma ulianza kufahamu Februari 1996, gazeti la Financial Times la Uingereza lilipochapisha makala kuhusu vidakuzi. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1997, wahandisi wanaotunga kanuni za pamoja za intaneti walitoa waraka ulioandikwa na David Kristol pamoja na Montulli mwenyewe. Waraka huo ulitaka vivinjari vivikatae vidakuzi vya mtu wa nne, isipokuwa mtumiaji achague vinginevyo kwa hiari yake. Netscape na Microsoft, ambao kwa wakati ule walishika karibu soko lote la vivinjari, hawakuufuata. Biashara ya matangazo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Hapo ndipo ninapoiona njia panda halisi ya historia hii. Lau kanuni ile ya 1997 ingeheshimiwa, swali lingemalizwa ndani ya kivinjari, mara moja kwa watu wote, na vile visanduku visingekuwa na kazi.

Serikali ya Marekani nayo ilijibu kwa namna yake. Mwaka 2000 ilibainika kwamba ofisi ya Ikulu inayoshughulikia dawa za kulevya ilikuwa ikiacha vidakuzi katika kompyuta za waliofika kwenye kurasa zake. Kelele zikapigwa, na mwezi Juni mwaka huo ukatoka waraka wa kuzuia vidakuzi vya kudumu katika tovuti za serikali kuu. Serikali ikajifunga mikono. Wafanyabiashara wakaachwa huru. Msimamo huo una mantiki yake katika nchi ambayo Katiba yake iliandikwa na watu waliokuwa wakimhofu mtawala kuliko muuza duka.

Ulaya ilikuwa na hofu nyingine, na ili kuielewa inabidi kurudi nyuma nusu karne kabla ya Netscape. Uholanzi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa vizuri mno. Kadi ya kila mtu ilionyesha alipozaliwa, anapoishi, na dini yake. Hakuna aliyekusudia ubaya kwa kuandika dini, ilikuwa takwimu. Majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yalipoivamia nchi mwaka 1940, yalikuta orodha ya Wayahudi imekwisha kuandaliwa. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 kundi la wapinzani, wakiwamo mchoraji Willem Arondeus na mchonga sanamu Gerrit van der Veen, waliingia katika ofisi ya daftari la Amsterdam wakiwa wamevaa sare za polisi na kuichoma moto. Kadi nyingi zilinusurika. Arondeus na wenzake kadhaa walipigwa risasi miezi michache baadaye. Takriban robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi hawakuiona siku ya amani.

Watu waliopitia hayo walijifunza kwamba taarifa iliyokusanywa kwa nia njema hubaki pale pale nia ikibadilika. Ndiyo maana sheria ya kwanza duniani ya kulinda taarifa za watu ilitungwa Ujerumani, katika jimbo la Hessen, mwaka 1970, na ndiyo maana Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika hukumu ya Desemba 1983 juu ya sensa, ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kujiamulia taarifa zake zijulikane kwa nani na kwa kiasi gani. Haki hiyo ilitamkwa miaka 11 kabla kidakuzi hakijabuniwa.

Hivyo Umoja wa Ulaya ulipofika kwenye vidakuzi, fikra ilikuwepo tayari. Agizo la mwaka 2002 juu ya faragha katika mawasiliano liliwataka wenye tovuti wamweleze mtumiaji na kumpa nafasi ya kukataa. Mwaka 2009 agizo hilo lilirekebishwa, na nafasi ya kukataa ikageuzwa kuwa sharti la ridhaa ya kabla. Kifungu chenyewe hakilitaji jina la kidakuzi. Kinasema juu ya kuweka taarifa katika chombo cha mtumiaji, au kuisoma taarifa iliyokwisha kuwekwa humo. Chombo kimechukuliwa kama nyumba. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa maana mtoto mdogo anajua kwamba mgeni hupiga hodi, husubiri akaribishwe, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka. Kuukuta mlango wazi si kukaribishwa.

Nchi wanachama zilitakiwa ziwe zimeingiza sharti hilo katika sheria zao kufikia Mei 2011, na Uingereza ikawapa wenye tovuti mwaka mmoja zaidi wa kujiandaa. Wakajiandaa kwa hila. Visanduku vya kwanza vilisema kwamba kwa kuendelea kuitumia tovuti, msomaji amekubali. Huo ni mgeni anayesema hodi akiwa amekwisha keti sebuleni. Kisha ikaja Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kanuni hiyo ilieleza ridhaa ni nini: iwe ya hiari, ya jambo mahususi, ya mtu aliyeelezwa, na ionyeshwe kwa tendo lililo wazi. Kunyamaza si ridhaa. Anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, yoyote iliyo kubwa zaidi. Faini hiyo ndiyo iliyovisambaza visanduku duniani, hata katika tovuti ambazo wenyewe hawajapata kukanyaga Ulaya.

Mahakama ikamalizia kazi. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Planet49 iliendesha bahati nasibu mtandaoni, na katika fomu yake ya kujiandikisha kisanduku cha kukubali vidakuzi kilikuwa kimetiwa alama tayari. Asiyetaka ilimbidi aifute. Shirikisho la vyama vya watumiaji likaishtaki, na tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba alama iliyotiwa na mwenye fomu si ridhaa ya mwenye kujaza. Ikaongeza kwamba mtumiaji ni lazima aambiwe kidakuzi kitakaa muda gani na nani mwingine atakisoma. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Kosa lao lilikuwa moja: kukubali kulihitaji bonyezo moja, kukataa kulihitaji kadhaa. Tangu hapo kitufe cha "Kataa" kilianza kuonekana kando ya kile cha "Kubali", angalau kwa aliyeko Paris.

Na aliyeko Los Angeles? Sheria ya faragha ya California ilitiwa saini Juni 2018 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2020. Wapiga kura wakaiongezea nguvu Novemba 2020. Msukumo wake ulitoka kwa Alastair Mactaggart, mjenzi wa majumba aliyeamua kutumia fedha zake kupeleka suala hilo kwenye kura ya wananchi, na Bunge likatunga sheria ili aiondoe hoja yake. Sheria hiyo haidai hodi. Mgeni anaingia, anatazama, anaandika. Mwenye nyumba ana haki ya kumwambia: usiwauzie wengine ulichokiona. Ndiyo maana tovuti zinazomlenga Mkalifornia huweka chini kabisa kiungo cha kukataza taarifa zake zisiuzwe wala zisigawiwe. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo California imelifanya vizuri kuliko Ulaya. Inazilazimisha tovuti kuitii ishara inayotumwa na kivinjari chenyewe, ili mtu aseme hapana mara moja badala ya kusema mara mia. Duka la vipodozi la Sephora lilipuuza ishara hiyo, na Agosti 2022 likakubali kulipa dola milioni 1.2. Wazo la wahandisi wa 1997 lilikuwa limerudi kwa njia ya sheria, miaka 25 baadaye.

Sasa nije kwa msomaji wa Kampala na majirani zake. Sisi nasi tuna historia ya madaftari, tena hatukuisoma kwa Waholanzi. Katika Kenya ya kikoloni sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa kazi kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na habari za ajira yake, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri aliyeandika maneno mabaya katika kipande cha mtu alimfungia milango ya kazi kote nchini. Katika Rwanda, utawala wa Ubelgiji ulianza katika miaka ya 1930 kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye navyo. Neno hilo moja lilibaki kwenye karatasi baada ya uhuru, na mwaka 1994 katika vizuizi vya barabarani lilitosha kuamua nani apite na nani auawe. Anayesema kwamba faragha ni anasa ya Wazungu na asimame mbele ya historia hiyo aseme tena.

Sitaki kulinganisha tangazo la viatu na kitambulisho cha 1994. Hayo si mambo ya mizani moja. Ninachosema ni kwamba swali la nani anaandika habari zetu, kwa ruhusa ya nani, na zitamfikia nani baadaye, halikuletwa kwetu na kompyuta.

Majibu ya kisheria yalikuja kwa kufuatana. Uganda ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mapema mwaka 2019. Kenya ikafuata Novemba mwaka huo huo. Rwanda ilipata sheria yake Oktoba 2021. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka masharti ya namna hiyo katika Kanuni yake ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023. Ukizisoma, unasikia ndani yake sauti ya Ulaya kuliko ya California. Sheria ya Kenya inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu aliyeelezwa. Inampa haki ya kuiondoa wakati wowote. Na inambebesha mkusanyaji, si raia, mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Inahesabu pia utambulisho wa mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, na kanuni zake za mwaka 2021 zinavigusa vidakuzi kwa jina pale zinapoeleza matumizi ya data kwa biashara. Sheria ya Uganda haina kifungu maalumu cha vidakuzi, lakini inakataza kukusanya taarifa za mtu kabla ya kupata ridhaa yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nyuma yake iko ibara ya 27 ya Katiba ya 1995, inayokataza mtu kuingia bila haki katika nyumba ya mwenziwe na inayolinda mawasiliano yake katika ibara hiyo hiyo moja. Waandishi wa Katiba ile waliweka mlango na barua pamoja, mwaka mmoja baada ya kidakuzi kuzaliwa.

Tazama basi kazi inayomkabili mwenye tovuti. Chukua mfano wa kampuni ndogo ya utalii iliyoko Entebbe, inayouza safari za kwenda kuwaona sokwe wa Bwindi. Ikiweka kurasa za Kijerumani na bei za euro, imewalenga watu walioko Ulaya, na kanuni ya Ulaya inaifuata hadi Entebbe. Sheria ya California, kinyume chake, inawahusu wafanyabiashara wenye mapato makubwa ya mamilioni ya dola au wanaoshughulika na taarifa za watu wengi sana, kwa hiyo kampuni hiyo ndogo haiguswi nayo. Sheria ya Kenya inamtazama mtu alipo: msomaji aliyeko Nairobi analindwa hata kama kampuni iko nje. Sheria ya Uganda inavuka mpaka kwa kutazama uraia: inamfuata aliye nje ya nchi anayekusanya taarifa za raia wa Uganda. Kwa maandishi, Mganda anayefungua tovuti akiwa London amebeba sheria mbili mfukoni.

Programu za kusimamia ridhaa zilizaliwa ili kuifungua fumbatio hiyo. Huitazama anwani ya mtandao ya msomaji, hukisia yuko nchi gani, kisha humwonyesha kisanduku cha nchi hiyo. Kwa Mfaransa, vidakuzi vyote huzuiwa isipokuwa vile vya lazima, kama cha kikapu cha manunuzi au cha lugha aliyoichagua, mpaka atakapobonyeza. Kwa Mkalifornia huruhusiwa tangu mwanzo, na kiungo cha kukataa huwekwa chini. Kwa nchi ambayo mwenye tovuti haiogopi, hakuna kisanduku. (Lipo na la kuchekesha: ili tovuti ijue kama inapaswa kukuuliza, ni lazima kwanza ichungulie uko wapi, na ukikataa vidakuzi, kukataa kwako kunaandikwa katika kidakuzi.)

Neno "haiogopi" nimelitumia kwa makusudi. Kampala, Dar es Salaam, Kigali na Nairobi zina sheria zinazodai ridhaa ya kabla, ilhali programu hizo zinaweza kuzipanga katika kundi la "nchi nyinginezo", ambamo mgeni haulizwi. Tofauti kati ya msomaji wa Paris na wetu haiko tena katika maandishi ya sheria. Iko katika kumbukumbu ya faini ya euro milioni 150.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Hata huko Ulaya ridhaa imechoka. Mtu anayeulizwa mara thelathini kwa siku haridhii, anajiondolea kero. Ridhaa kwa maana yake ya asili ni utulivu wa moyo, na hakuna aliyetulia moyo mbele ya kisanduku kinachomzuia kusoma habari ya mvua. Umoja wa Ulaya wenyewe ulijaribu tangu 2017 kutunga kanuni mpya ya kurekebisha hali hiyo, mapendekezo yakakwama kwa miaka, na mwaka 2025 yakaondolewa. Novemba mwaka huo Tume ya Ulaya ikaleta mengine, yanayotaka mtu aweze kutangaza uamuzi wake mara moja kupitia kivinjari. Google nayo iliahidi mwaka 2020 kuvifuta vidakuzi vya watu wengine katika kivinjari chake, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaiacha ahadi hiyo. Kwa hiyo sioni sababu ya nchi zetu kuviiga visanduku vya Ulaya kama vilivyo, pamoja na ugonjwa wake. Kiini cha kuiga ni lile sharti kwamba asiyejibu ahesabiwe amekataa. Njia ya kulitimiza inaweza kuwa ya kivinjari, au ya kukataza moja kwa moja baadhi ya udakuzi ambao hata ridhaa isiuhalalishe, kwa mfano wa kuwafuata watoto.

Dalili za kwamba mamlaka zetu zinaweza kufanya kazi zipo. Mwaka 2021 mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda ilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya SafeBoda, programu ya kuita bodaboda, na kueleza kwamba taarifa za watumiaji zilikuwa zikipelekwa kwa CleverTap, kampuni ya kigeni ya uchambuzi wa masoko, bila wao kuelezwa ipasavyo. Huyo ndiye yule mtu wa nne wa 1996, safari hii akiwa amekaa nyuma ya pikipiki. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya alitangaza faini kwa taasisi tatu, mojawapo ikiwa shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, ambayo ilitozwa shilingi 4,550,000. Kesi hizo hazikuhusu vidakuzi, lakini swali lililoulizwa ni lile lile: aliyechukua, alipiga hodi?

Julai 2025 ofisi ya ulinzi wa data ya Uganda iliamua shauri dhidi ya Google. Kampuni hiyo ilijitetea kwamba haina makao nchini, kwa hiyo haiwajibiki kujisajili. Ofisi ikakataa utetezi huo, ikasema anayekusanya taarifa za watu wa Uganda anabanwa na sheria ya Uganda popote alipo, na ikaipa siku 30 kujisajili na kueleza ni kwa msingi gani wa kisheria inazipeleka taarifa hizo nje ya mipaka. Shauri hilo lilifunguliwa na walalamikaji wanne.